Theluji ya Asubuhi si Theluji ya Jioni

Nilizaliwa Marangu. Kila asubuhi mawingu yalipofunguka tuliiona theluji ya Kibo kule juu, nyeupe kama kitambaa cha Meza ya Bwana, na hakuna hata mmoja nyumbani kwetu aliyewahi kuigusa. Mama yangu alikuwa akisema theluji ni ya wazungu na wapagazi. Basi nilifika miaka arobaini nikiwa naijua theluji kwa macho tu.

Mwaka 2019 nilikuwa mmoja wa wageni wanne waliotumwa na usharika wetu kwa ndugu zetu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mwenyeji wangu alikuwa muuguzi mwenzangu wa wodi ya wazazi, mama wa watoto watatu. Nilimwita Sista, kama tuitanavyo huku kwetu, naye akacheka sana, maana kwao pia muuguzi huitwa Schwester, yaani dada. Mwanzoni mwa Machi shule zilifungwa kwa wiki moja, naye akasema, "Umekuja mbali, huwezi kurudi bila kuonja mlima wetu." Tukapanda gari, yeye, mimi na watoto, tukaenda Garmisch-Partenkirchen kwa siku nne. Mumewe alibaki kazini.

Ni mji wa bondeni, kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Kwetu sisi tuliozoea mita 5,895 hiyo si habari kubwa, lakini nilikaa kimya kwa adabu. Zamani ilikuwa miji miwili, Garmisch na Partenkirchen, ikaunganishwa mwaka 1935 kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1936. Katika michezo hiyo ndipo wanawake waliposhindana kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki kuteremka milima kwa ski. Msichana mmoja wa Kijerumani, Christl Cranz, alianguka siku ya kwanza akamaliza wa sita. Siku ya pili akateleza vizuri hivi kwamba akachukua medali ya dhahabu ya jumla.

Ski ni mbao mbili nyembamba zenye ncha iliyopinda, unafungwa kila mguu na wake. Buti zake ni ngumu kama plasta ya mtu aliyevunjika mguu. Siku ya kwanza nilitembea nazo kama mgonjwa niliyemruhusu mwenyewe kutoka wodini. Kishikizo kinachobana buti na mbao hurekebishwa na fundi kwa kufuata uzito wako, urefu, umri na urefu wa soli, ili ukianguka kiachie kabla mfupa haujavunjika. Nilipoulizwa uzito wangu mbele ya watu nilitaka kupunguza kidogo, kama akina mama tufanyavyo. Sista akanikanyaga mguu. "Hapa usidanganye," akasema, "goti lako litajua."

Nikapelekwa kwenye uwanja wa watoto. Kina mama wenzangu, hebu nifikirieni, mtu mzima nimesimama mstarini nyuma ya watoto wa miaka minne! Mwalimu anawaambia wafanye umbo la kipande cha pitsa, yaani ncha za mbele zikutane na visigino vitanuke, ndiyo breki. Nilianguka mara kumi na moja. Ya kumi na mbili sikuanguka, nikapiga vigelegele peke yangu.

Lakini lililonishangaza zaidi ni theluji yenyewe. Nilidhani theluji ni theluji. Kumbe mwanzoni mwa majira ya kuchipua mteremko mmoja huwa miteremko mitatu kwa siku moja. Asubuhi, baada ya usiku wa nyota, uso wake umeganda kabisa na mbao zinakwaruza kama unavyokwangua ukoko wa ugali sufuriani. Kwenye saa nne au tano jua likishaulainisha juu kidogo, unakuwa chembechembe kama chumvi ya mawe, na huo ndio wakati mtamu. Hata mimi nilijiona fundi. Ikifika saa nane imekuwa uji mzito. Mbao zinazama, zinashikwa, miguu inafanya kazi maradufu.

Sista alinifundisha kuisoma kama tusomavyo chati ya joto la mgonjwa. Miteremko inayotazama mashariki hulainika kwanza, inayotazama magharibi huchelewa, kwa hiyo wenye kujua hulifuata jua kuzunguka mlima. Usiku wa mbingu safi theluji hupoteza joto lake ikaganda, hata kama hewa yenyewe haijafika sifuri. Usiku wa mawingu ni kama imefunikwa blanketi: haigandi vizuri, na asubuhi unakuta kaka jembamba linalobeba mbao hatua tatu kisha linavunjika. Halafu kuna upepo wa vuguvugu kutoka kusini, wenyeji wanauita Föhn, ambao hula theluji haraka kuliko jua. Siku ya pili ulivuma huo. Sista akatazama nje mara moja, akawaambia watoto leo tunacheza karata.

Watoto walinuna. Akanionyesha kutoka dirishani kilele cha Zugspitze, akanieleza habari ya tarehe 15 Mei 1965, theluji nzito ilipoporomoka huko juu ikawafagia watu waliokuwa wakiota jua kwenye baraza la hoteli ya Schneefernerhaus. Walikufa 10. Jengo hilo sasa ni kituo cha utafiti wa mazingira. Katika milima ya Ulaya hatari ya maporomoko hutangazwa kila siku kwa namba, 1 mpaka 5, na wakati huu wa mwaka namba ya asubuhi inaweza kuwa ndogo na ya alasiri kubwa, mlima ni uleule.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu baridi ilirudi, ikaanguka theluji mpya ya kimo cha kidole. Asubuhi yake sitaisahau. Tulipanda kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, misonobari yote imevaa nyeupe, watoto wanaimba. Sista aliteleza na wanawe tangu saa tatu bila kupumzika, maana kila mmoja alitaka mama amwangalie yeye. Mdogo alitaka njia ya buluu, iliyo rahisi. Mkubwa alitaka nyekundu. Akawa anateremka na huyu, anapanda, anateremka na yule.

Wakati wa chakula, saa saba, nilimwona akijikanda mapaja kwa ngumi chini ya meza. Alishika kikombe cha supu kwa mikono miwili na mikono ikawa inatetemeka kidogo. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi. Naijua misuli iliyochoka ninapoiona. Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, naye ndiye aliyezaliwa na mlima huo; nani mimi wa kumfundisha?

Ilipofika saa tisa jua lilikuwa kali na maji yanasikika yakitiririka chini ya theluji. Mimi nilikuwa nimeshavua buti zangu bondeni. Watoto wakasema, "Mama, mara moja tu ya mwisho." Alitazama saa, akatazama mlima, akanitazama mimi. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo kila mama analijua, akaenda.

Alitoka mkubwa kwanza, kisha wa kati, kisha mdogo kwa pitsa yake. Mama yao alionekana kwenye kona ya mwisho, hata hakuwa na mwendo mkali. Mbao ya kushoto ikazama kwenye uji ule na kubaki. Mwili ukaendelea, goti likajizungusha. Kishikizo hakikuachia, kwa kuwa anguko la polepole la kujisokota mara nyingi halina nguvu ya kukifungua. Nilipanda kwa miguu nikizama mpaka magotini. Nilipofika alikuwa mweupe kuliko theluji. "Nimesikia mlio," akasema kwa utulivu, kama anamkabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata.

Nilimlegezea buti bila kuivuta, nikapapasa mapigo juu ya mguu, nikamwomba achezeshe vidole. Vilicheza. Nikachomeka mbao zake msalaba juu yetu ili wanaoshuka watuone. Wakaja watu wa Bergwacht, huduma ya uokoaji ya milimani, ambao wengi wao ni watu wa kujitolea, seremala huyu, mwalimu yule. Wakamfunga vizuri wakamteremsha kwa kitanda cha kuteleza. Ilipofika jioni goti lilikuwa kama papai. Goti likivimba haraka namna hiyo baada ya mlio, mara nyingi damu imevuja ndani na ukano wa msalaba wa mbele umekatika. Na sisi wanawake hukatika ukano huo kwa urahisi kuliko wanaume. Picha ya hospitali ikathibitisha. Alipasuliwa, akafanya mazoezi miezi mingi kabla ya kurudi wodini.

Usiku ule watoto walilala wamevaa nguo zao za mchana, mdogo akiwa amelia mpaka amechoka kwa kuwa ndiye aliyesema "mara moja tu." Mimi na Sista tulikaa jikoni, mguu wake juu ya kiti, barafu imefungwa kwenye taulo.

"Uliona mchana?" akaniuliza. "Mapaja yangu?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia nilikuwa mgeni. Akafikiri kidogo, akasema, "Wodini ungesema." Kisha akaomba chai.

Asubuhi mumewe alifika kwa treni kutuendesha. Nilitoka nje kubeba buti zake garini. Usiku ulikuwa wa nyota, kila kitu kimeganda tena, na mashine zilikuwa zimeulainisha mteremko wote kama shuka lililopigwa pasi. Pale alipoanguka hapakuwa na alama yoyote. Kundi la watoto wadogo lilikuwa likishuka na mwalimu wao, mstari mmoja, na mbao zao zinakwaruza.