Mkono wa Mtu Nyuma ya Mzimu

Kitabu kimoja kikisomwa na watu kumi hupata sura kumi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tulipoisoma pamoja na vijana wa sekondari wanaojifunza Kiswahili hapa Kampala. Maoni waliyoyatoa wao, na yale ya wazee wao, yametufunza mengi juu ya riwaya yenyewe na juu ya kazi yetu sisi walimu. Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wenzetu.

Riwaya hii ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Siku hizo Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na makao yake papa hapa Makerere, ilikohamia mwaka 1952. Basi asidhani mtu kuwa fasihi hii ni ngeni kabisa katika mji wetu. Kisa chenyewe ni cha giza. Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, aonekana ameuawa penye mzimu, mahali palipoogopwa na kuheshimiwa tangu zama. Ndipo atokeapo Bwana Msa na kiko chake, mtu wa subira na maswali, asiyekubali neno mpaka amelipima. Siri ya mwisho hatuifichui hapa. Msomaji na akaitafute mwenyewe.

Ubishi wa kwanza ulizuka juu ya jina la kitabu. Vijana wetu walio wengi huzungumza Kiluganda nyumbani, na katika Kiluganda omuzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Hivyo walitazamia kwamba roho hiyo itatokea, itasema, pengine itaua. Tulipowaeleza kuwa katika Kiswahili mzimu huweza pia kuwa ni mahali penyewe pa kutambikia, karibu na kile Waganda wakiitacho essabo, baadhi yao walivunjika moyo; walikuja kumwona mfu, wakaonyeshwa pango na miti. Lakini msichana mmoja alisema kwamba hofu yake ilizidi badala ya kupungua. Roho, alisema, mtu aweza kuifanyia tambiko ikatulia; aliyeua na kisha akarudi kukaa miongoni mwa majirani, huyo atatulizwa kwa nini? Twaona hakuna mhakiki aliyetupa neno zito kuliko hilo.

Maoni ya pili yalitoka kwa wazazi. Mama mmoja alilalamika kuwa si vyema kumtia kijana katika habari za maiti na mizimu, kwani akili yake ni changa na usiku ni mrefu. Mzee mwingine alichukizwa kwa sababu nyingine kabisa. Yeye aliona kwamba mwandishi amezidharau mila za wahenga. Malalamiko haya hatuyapuuzi. Hata hivyo, yafaa tutofautishe kitisho kinachowashwa kisha kikaachwa kiunguze, na kitisho kinachofuatwa hatua kwa hatua mpaka chanzo chake. Katika kisa cha mbwa wa Baskerville, kilichotoka kama kitabu mwaka 1902, Arthur Conan Doyle naye alianza na mnyama wa kuzimu akamaliza na hila ya mwanadamu. Muhammed Said Abdulla alishika njia hiyo, lakini akaipitisha katika mashamba ya Unguja, katika lugha na tabia za watu anaowajua. Wala kuuliza nani ameua si kuwatukana wahenga. Anayewatukana ni yule ajifichaye nyuma ya heshima yao ili atende uovu.

Jambo hili kwetu Uganda si la vitabuni tu. Watoto wamepotea, wengine wameuawa, na waliowaua wamesingizia mizimu na utajiri. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria mahsusi ya kukataza kafara ya binadamu. Kijana wa Kampala, basi, halijui giza hili kwa kusimuliwa na riwaya. Amelisikia redioni na kwa majirani. Kumnyima kitabu hakumwondolei hofu, ila kwamwacha nayo peke yake. Afadhali aisome pamoja na mwalimu, aone jinsi mtu mmoja mwenye akili timamu akataavyo kusema "ni mizimu" na kulifunga shauri.

Maoni ya tatu yalihusu lugha, nayo ndiyo yaliyotugusa zaidi. Wengi walisema Kiswahili cha kitabu ni kigumu, kina mafumbo ya Kiunguja na mazungumzo marefu. Ni kweli, na mwalimu hana budi kutembea nao polepole. Lakini mvulana mmoja alitoa neno ambalo hatukulitarajia. Alisema kuwa nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamrisha. Babu yake alikisikia kwa askari na kwa wanyang'anyi katika miaka ya 1970, na mpaka leo akikisikia husimama kimya. Katika kitabu hiki, kwa mara ya kwanza, yeye mjukuu alimwona mtu akikitumia Kiswahili kuuliza, tena kwa adabu, na kungoja jibu.

Ndugu walimu, hapo ndipo penye mzigo wetu. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri ya utawala wa kijeshi. Kikafanywa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri yaweza kuleta vitabu na vipindi, lakini haiwezi kuondoa kilichomo moyoni mwa yule babu. Lugha haikumdhuru; waliomdhuru ni watu walioitumia, kama vile mzimu usivyoua bila mkono wa mtu.

Kwa hiyo twashauri kwamba riwaya za namna hii zisiogopwe darasani. Mwalimu na asome sura, kisha afunge kitabu na awaachie wanafunzi waulize kwa Kiswahili chao, hata kikiwa cha kukwama: nani alikuwapo, nani ananufaika, nani amesema asilolijua? Makosa ya sarufi yatasahihishwa kesho. Mwanafunzi aliyeweza kuuliza swali moja la kweli katika lugha hii amekwisha kuifanya yake.