Tulibadilisha Krosi Mara Tatu

Fungua Biblia yako Amosi 7, mstari wa 7 na wa 8, usome polepole. Halafu nikueleze habari za pikapu yetu.

Ile pikapu ya kanisa mnaijua, tuliyoiundia bodi ya kubeba vyombo na wanakwaya. Difu yake ilipokufa mwaka jana, tulinunua ekseli nzima ya nyuma iliyotolewa kwa gari la aina nyingine, pana kidogo na yenye nguvu zaidi. Vikalio vya springi havikulingana na springi zetu, ikabidi vikatwe na kuchomelewa upya. Kijana wa jua kali alivipima kwa macho. Nami nilisimama pale pale nikimhimiza amalize upesi, kwa sababu Jumamosi tulikuwa na mazishi.

Kuanzia siku hiyo, ukipita kilomita 60 kwa saa, sakafu ilitetemeka chini ya miguu. Aliyetufuata kwa pikipiki alisema gari linakwenda upande upande kama mbwa. Tukabadilisha krosi ya propela. Wiki chache, imekwisha. Tukabadilisha tena. Na mara ya tatu. Nilinung'unika juu ya vipuri bandia, na nikiwa barabarani niliongeza sauti ya nyimbo za sifa ili nisisikie mlio. Ndiyo, mimi mchungaji wenu.

Siku tunakwenda Homa Bay, tumeshapita Rodi Kopany, krosi ya nyuma ikakatika. Propela ikaanguka na kukwaruza lami kwa kelele ambayo sijaisahau. Wanakwaya walikuwa nyuma. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema, lakini usiku ule sikulala.

Gari likavutwa hadi Migori kwa fundi mmoja mzee. Hakugusa krosi. Aliegesha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, akatoa timazi, uzi na chaki.

"Jaduong'," nikamwambia, "iliyokatika ni krosi."

"Pasta, krosi ndiyo inayolia. Haijasema nani anaipiga."

Akaning'iniza timazi kutoka tundu la bolti kwenye chesisi, kushoto na kulia, kisha kutoka ncha mbili za ekseli, akitia alama za chaki sakafuni. Akapima kila upande, akapima na kwa mshazari. Upande mmoja wa ekseli ulikuwa mbele kwa sentimita moja na nusu. Halafu akapima pembe. Gia boksi ilikuwa imeinama nyuzi tatu, na pua ya difu ilikuwa imeinuka nyuzi nane.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda, propela haiendi kwa mwendo mmoja. Kila mzunguko inaharakisha na kupunguza mara mbili. Krosi ya upande wa pili hulifuta kosa hilo, mradi pembe zao zilingane. Gia boksi na difu si lazima ziwe kwenye mstari mmoja, maana moja iko juu na nyingine chini. Kinachotakiwa ni ziwe sambamba. Zisipolingana, krosi ya katikati ndiyo inayokula kipigo, na hata ukinunua ya dhahabu itakwisha. Mzee alivikata vikalio, akainyoosha ekseli, kisha akaiacha pua ya difu chini kidogo tu, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi hujipinda na kuiinua.

Sasa, mpendwa, nisikilize vizuri. Kwa miaka miwili kwaya yetu imekuwa na viongozi watatu. Kila mmoja alipochoka nilisema hana roho ya utumishi, na wengi wenu mkasema amina. Yule wa mwisho mlimnunia hata sokoni.

Lakini ni nani aliyebadilisha nyimbo Jumapili asubuhi akiwa tayari madhabahuni? Ni mimi. Mchango wa kinanda ambao vijana walichanga, ni nani aliyeununulia saruji bila kuwauliza? Ni mimi. Wao walikuwa katikati, wakizunguka kati ya mchungaji anayeelekea huku na vijana wanaoelekea kule. Nimehubiri timazi ya Amosi mara nyingi, na kila mara nimeishika mkononi nikiielekezea kwenu. Sikuwahi kuining'iniza juu yangu.

Hesabu ya fedha za kinanda nitaisoma Jumapili hii mbele ya kanisa, pamoja na tarehe ya kuzirudisha. Wawili kati ya wale viongozi nimeshawaendea nyumbani nikawaomba msamaha, tukalia pamoja. Wa tatu hajapokea simu yangu. Anaishi Homa Bay siku hizi. Alhamisi nitakwenda na pikapu ile ile, bila redio. Niombeeni. Na wewe uliyemnunia, namba yake unayo.