Neno la bafuni

Kitivoni tunabishana: tuseme robine au koki? Kwetu Nyangezi simjui anayesema koki. Robine, lavabo, tiyo: maneno haya tuliyapokea kwa Kifaransa pamoja na vyombo vyenyewe.

Ila neno lililotuokolea pesa ni sifo. Kiangazi kilichopita bafu la wageni kwa mama mdogo lilinuka vibaya. Majirani walisema panya amefia chini ya sementi. Pesa za masomo ya mdogo wangu zikatengwa kuvunja sakafu. Fundi alipokuja hakutoa nyundo. Alimimina ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni, akasema: «Mama, sifo ilikauka tu.»

Sifo ni tiyo iliyopindwa. Maji yanayobaki kwenye kona huziba njia, harufu ya shimo isipande. Bafu lisipotumika majuma mengi, maji hayo hukauka. Alexander Cumming, fundi saa wa London, alisajili choo chenye kona hiyo mwaka 1775.

Na maji yenyewe tuyaiteje? Fundi aliyaita «mlinzi». Kwangu linashinda yote niliyosikia darasani, na mama mdogo sasa humpa mlinzi wake ndoo moja kila Jumamosi.