DAWA YA MBUZI, DAWA YA MTU

Ukisafiri kutoka Lodwar hadi Kakuma, kilomita kama 120, dawa moja utaikuta njia nzima: oksitetrasiklini. Iko kwenye chupa, ya kudunga mifugo. Ndugu yake wa ukoo mmoja, tetrasiklini, hutibu watu.

Mbuzi akishikwa na loukoi, yaani ule ugonjwa wa mapafu, mchungaji hamngojei daktari wa mifugo aliye mbali. Anakadiria uzito kwa macho, anadunga. Chupa ikiwa moja na mbuzi ni wengi, kila mmoja anaonjeshwa tu. Mimi simlaumu. Kwetu mbuzi ndiye benki, ndiye karo, ndiye mahari.

Lakini shida iko hapo kwenye kuonjeshwa. Bakteria dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana. Tena wana tabia moja iliyonishangaza: huazimana usugu! Bakteria wa aina moja humpa wa aina nyingine kipande cha jeni, kama jirani anavyoazima panga. Na aliyetoka tumboni mwa mbuzi haulizi kama mwenyeji wake mpya ana miguu minne au miwili.

Njia za kuvuka ndizo hizo tunazoishi nazo. Mto Tarach ukikauka tunachimba visima mchangani. Mifugo inanyweshwa papo hapo, samadi imetapakaa, na maji ya nyumbani yanatekwa hapo hapo. Maziwa tunakunywa mabichi. Usiku mwanambuzi analala ubavuni mwa mtoto.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi ndogo huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Hawakumsikia. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Likizo moja nilimsomea nyanya maandishi ya chupa: mbuzi akishadungwa, maziwa yake yasinywewe kwa siku kadhaa. Nikamweleza kuwa mabaki ya dawa kwenye maziwa ni kuonjeshwa kwa pili, safari hii tumboni mwa mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, hizo siku huyu mdogo wako atakunywa nini?"

Kiangazi kilikuwa kikali. Mbuzi wenye maziwa walikuwa wawili, na wote walikuwa wamedungwa.