Nani Agawe?

Katika wahedi wa sitini, mchezo huanza kabla ya karata ya kwanza kutupwa. Huanza kwenye mgao, na nikiwatazama vijana wa leo wakicheza kwenye simu, naona hicho ndicho walichokikosa.

Barazani petu Unguja, pakiti mpya ilifunguliwa na mkubwa kuliko wote. Alitoa majokeri, akatoa nane, tisa na kumi zote za kopa, uru, shupaza na pau, zikabaki 40. Ree ina 11, seti 10, mzungu wa nne ana 4, wa tatu 3, wa pili 2; nyingine hazina kitu. Jumla 120, na upande utakaofika 61 umeshinda. Wareno nao wana Sueca, yenye hesabu hiyohiyo, na haya majina ya kopa na uru ni wao waliotuachia kabla hawajatolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698.

Mgawaji alichanga karata mbele ya macho ya wote, akaliweka fungu mkekani, kushoto kwake. Aliyekaa hapo alikuwa mpinzani, kwa kuwa wenza walikaa wakielekeana, na huyo ndiye aliyekata. Kukata hakukuwa pambo. Karata ya chini kabisa humfikia mgawaji mwenyewe mwisho wa mgao, naye huifunua ikawa turufu. Mwenye vidole vyepesi angeweza kuitia ree hapo chini akajipa karata kubwa kuliko zote. Kwa hiyo aliyeamua chini pabaki nini alikuwa mpinzani, si yeye.

Hapo tena karata zilitoka moja moja, kuanzia mkono wa kulia, mpaka kila mtu akawa na 10. Alikuwapo mzee mmoja, fundi cherehani, aliyezisukuma kwa dole gumba: karata iliteleza juu ya mkeka ikasimama mbele ya goti lako, wala haikufunuka. Hukuruhusiwa kuokota hadi mgao uishe. "Subiri, mwanangu, wenzio hawajapata," aliambiwa mwenye pupa. Karata moja ikifunuka njiani, zote zilikusanywa zikachangwa upya, na hakuna aliyenung'unika, hata ikiwa mara ya pili mfululizo. Katika kungoja huko ndiko tulikojuliana hali: nani anaumwa, nani karudi safari, mtoto wa nani anaoa.

Siku hizi mchezo umo kwenye simu. Unagusa kioo, karata zako zimeshapangwa na turufu imeshaonekana. Mwenzio humjui, na mara nyingine si mtu. Sisemi programu inadhulumu. Huenda inachanga vizuri kuliko sisi wote. Lakini hakuna anayemkatia mwenziwe. Nawaona wajukuu sebuleni, wanne, kila mmoja na simu yake, na inaniuma kwa sababu idadi inatosha kabisa. Kuhesabu 61 wanajua, tena upesi, na seti wanajua wakati wa kuitoa na wakati wa kuibana. Wape pakiti, hawajui nani akate.

Baraza lenyewe limejengewa ukuta, na wengi waliokuwa wakigawa wametangulia mbele ya haki. Karata bado zinauzwa madukani; nimenunua pakiti, nane, tisa na kumi nimeshazitoa. Jumamosi baada ya alasiri nitawataka wazime simu wakae wakielekeana, na wa kwanza kugawa atakuwa mdogo wao.