Kosa Lilikuwa Letu Wawili

Mshahara wa ualimu ukichelewa, nguruwe ndiye minervali ya watoto wetu. Hapa Walungu, mume na mke, tulikuwa na jike mmoja. Tulihesabu miezi 3, wiki 3 na siku 3, akazaa watoto 8.

Siku moja mmoja wetu alileta nyama ya nguruwe ya bei rahisi. Mwingine akamimina maji yaliyoiosha katika chakula chao. Homa ya nguruwe ikaingia. Haina dawa. Wote 9 wakafa.

Tulilaumiana siku nyingi, mpaka tukakubali kwamba kosa ni letu wawili. Sasa tumeanza tena na jike mdogo. Mabaki ya nyama hayaingii zizini, viatu vya nje vinabaki mlangoni, na hatununui kitu bila kuulizana.