Mafuta ya karafuu na kuku wa mama mdogo

Nilipotea kidogo, test zilibana, na bumu ndo hivyo tena, linaisha kabla halijafika. Leo sina stori za hosteli, nina ya kuku.

Mama mdogo wangu anaishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kule kwenye tembe la Livingstone. Ana kuku 100 wa mayai, na hizo trei ndo zinamsomesha mdogo wangu sekondari. Juzi kanipigia: "Mwanangu, si unasomea mifugo huko Sokoine? Kuna kijana kapita na mafuta ya karafuu. Anasema nikiyaweka kwenye chakula kuku watataga zaidi, na chanjo nisihangaike nayo tena. Ninunue?"

Hela aliyonayo inatosha kitu kimoja: mafuta au chanjo.

Kusema kweli yule kijana hakudanganya yote. Tangu 1 Januari 2006, Umoja wa Ulaya ulipokataza antibayotiki za kukuzia mifugo, wataalamu wa lishe wamehangaika sana na mafuta ya mimea. Karafuu ina yujenoli, inayoharibu ngozi ya nje ya bakteria. Utumbo ukitulia, kuku anafaidi chakula chake. Na mafuta yenyewe si ya kutafuta mbali, Pemba wanayatoa mpaka kwenye makonyo.

Ila tupige hesabu. Kuku 100 wanakula kama kilo 12 kwa siku. Kipimo cha miligramu 200 kwa kilo ni cha kawaida kwenye majaribio, kwa hiyo unahitaji gramu 2.4. Jamani, hiyo ni nusu kijiko cha chai! Utaisambazaje kwa koleo kwenye kilo 12 mpaka kila kuku apate sawa? Lazima uanze na pumba kidogo, uchanganye, ndo uongeze taratibu. Tena mafuta haya yanaruka hewani, na jua la Tabora mnalijua.

Majibu ya majaribio nayo hayafanani. Kwingine mayai yameongezeka, kwingine hakuna tofauti, hasa banda likiwa safi na chakula kimekamilika. Na ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Hiyo inatoka kwenye chokaa na mifupa ya kusaga, siyo kwenye kichupa.

Kubwa zaidi ni mdondo. Ule ni ugonjwa wa virusi, na kinga yake ni chanjo. Ukiingia bandani bila chanjo unaweza kufagia wote, na ada ikaenda nao.

Nikamwambia: mama, chanjo kwanza. Ukipata hela ya ziada, gawa banda kwa senyenge. Kuku 50 wape mafuta, 50 usiwape, chakula kiwe kilekile, uandike mayai kwenye daftari miezi miwili. Akacheka: "Sasa hao hamsini wengine wamekosa nini?"

Lakini kakubali. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapohapo Kwihara kama miezi 5 akisubiri wapagazi toka pwani, sembuse sisi na daftari.

Wale wenzangu wa mifugo, mkirudi likizo nyumbani mtaulizwa hivihivi. Msijibu kwa desa tupu. Ulizeni kwanza: chanjo ya mwisho lini?